Utani Ulioondolewa Matangani

Mtani wangu alikufa wakati mvua imekata barabara ya Kibuta, na mimi niko Mkuza, Kibaha, kwa binti yangu, mguu umefungwa tangu nyonga hadi goti. Nilikuwa nimeteleza bafuni. Binti yangu alipoingia chumbani akaketi kitandani bila kusema shikamoo, nilijua kuna msiba, nikaanza kuwapitia wazee wa kwetu mmoja mmoja kichwani. Yeye sikumfikia. Yeye nilimwacha kwa kuwa nilikuwa nimezungumza naye kwenye simu juzi yake, akanicheka kwa kuvunjwa na sabuni.

Jina lake silitaji hapa, wala la mtu mwingine yeyote, ingawa ninayo yote, ya watu na ya baba zao na ya waliowapa hayo majina. Wengine wangali hai na wanasoma. Isitoshe, sitaki tena kuandika jina la mtu mahali ambapo mwingine ana uwezo wa kulifuta.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Wazee wake waliletwa huku na kazi ya mkonge, mkonge ulipokufa wakaingia Kibuta kulima, Tabora hawakurudi tena. Mume naye alimpata Mnyamwezi mwenzake wa hukohuko mkongeni. Mimi nilipoolewa Kibuta nikitokea Msimbu, nilimkuta jirani. Ua wake na ua wangu zilitenganishwa na mstari mmoja wa mananasi, na hata huo alikuwa akiuvuka kuchuma kwangu mchana kweupe, nikimwita mwizi ananijibu kwamba babu yangu alibebwa na babu yake, kwa hiyo nanasi ni ujira.

Kwa anayesoma ambaye kwao utani umebaki wa kuchekana makabila kazini, nieleze kidogo. Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Watu wote wakiwa wamejiinamia, yeye anaingia akimtukana maiti. Atavaa nguo za marehemu, atatembea mwendo wake, ataficha jembe la kuchimbia kaburi mpaka apewe chochote, atawauliza wafiwa wanamlilia nini mtu mchoyo vile. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Kazi yake hasa ni moja: kumtoa mfiwa kicheko kabla tanga halijaanuliwa. Tanga likishaanuliwa, mikeka ikakung'utwa na watu wakatawanyika, basi maneno yale yale yanarudi kuwa matusi, na mtu mwenye adabu zake hayasemi.

Mume wangu alipokufa, mtani wangu alinifanyia. Nimekaa ndani na shuka kichwani, mama mkwe pembeni yangu, kooni pamekaza hata maji hayapiti. Akaingia amevaa koti la marehemu ndani nje, anachechemea kama alivyokuwa akichechemea mume wangu. Akanisimamia. Akauliza, mbona silii kwa sauti, au nimekwisha pata mwingine? Mbele ya mama mkwe. Nilicheka mpaka shuka likaanguka, na kicheko kile ndicho kilichonifungua koo nikanywa uji. Eda yangu ilipokwisha tukapeana neno, atakayebaki atamfanyia mwenzake. Alinitahadharisha kabisa kwamba nisipomfanyia vizuri atarudi kunirekebisha.

Sasa kafa, nami nimelala Mkuza kama gogo.

Binti yangu ndiye aliyesema tuandike kwenye tovuti. Ile tovuti ilifunguliwa na watoto wa Kibuta na Msimbu waliohamia Dar, ya habari za nyumbani: nani kaoa, nani kafa, shule imeezekwa au la, bei ya korosho. Chini ya kila habari watu wanaandika maoni yao. Mimi nilikuwa msomaji wake mkubwa. Kusoma nilijifunza ukubwani, kisomo cha jioni, na tangu nipewe simu ya kupangusa nilikuwa sipitwi. Kuandika nilikuwa naandika kidogo, hongera, poleni, basi. Wengi humo wanajiita majina ya ajabu, simba wa nini sijui, malkia wa wapi, lakini nikisoma mistari miwili tu namjua ni nani na ni mtoto wa nani.

Tangazo la msiba likatoka na picha yake. Chini yake mtoto wake wa kwanza, aliyeko nyumbani, akaandika kwamba siku ya kuanua tanga salamu zote zitasomwa kwenye kipaza sauti, ili waliozuiwa na mvua nao wawepo. Niliposoma pale moyo ulitulia. Nikamwambia binti yangu anikalishe vizuri, niweke mto mgongoni, na asinisaidie hata neno moja.

Niliandika adhuhuri mpaka alasiri. Niliandika hivi:

"Wewe bibi mwizi wa mananasi, amka. Umeona palizi imefika ndiyo umejifanya umekufa. Mnyamwezi gani wewe unakufa na ungo wa watu hujarudisha? Wanangu, msilie. Mnamlilia nani? Huyu mchuzi wake nzi wenyewe walikuwa wanauhama, nyinyi mmekulia kwangu. Mfukieni vizuri, juu wekeni na mawe, maana ninavyomjua mimi kesho atatoka kuja kuomba chumvi. Sanduku la kanga zake ni langu, mimi mtani wake, na msinizungushe."

Nikabonyeza. Likatokea, na jina langu juu yake. Nikacheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikalala. Nilikuwa nimemaliza kazi yangu.

Siku ya kuanua tanga nilimpigia simu jirani yetu wa zamani aliyekuwa amekaa na wanawake, akaiweka mapajani ili nisikie. Mtoto wa marehemu alikuwa akisoma kutoka kwenye simu yake. Poleni kutoka Mwanza, poleni kutoka Mbagala. Kisha akasoma ya bwana mmoja mkubwa wa Dar, Mzaramo mwenzangu, aliyeandika: "Mnyamwezi katuacha, sasa mananasi yetu yatapona. Pumzika mtani." Nikasikia watu wakiguna ule mguno unaokaribia kucheka. Nikajiambia, haya, bwana huyu amenifagilia njia. Sasa hivi nakuja mimi.

Akafuata mwingine. Huyu alikuwa jirani yao wa upande wa mikorosho, waliwahi kugombania mpaka. Aliandika kwa Kiswahili kizuri, cha barua za serikali. Kwamba anamwombea marehemu msamaha kwa Mola. Kwamba yeye na familia yake walikwisha msamehe zamani yale mambo ya mpaka, japo haki haikutendeka, na kwamba sasa marehemu yuko mahali ambapo kila kitu kinajulikana.

Mtoto wa watu akasoma mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa ameshaanza. Pale mapajani pa jirani yangu nikasikia kanga zikichakacha, halafu binti wa marehemu akianza kulia upya. Si kilio cha msiba kile. Ni kilio cha mtu aliyetukanwa akiwa na mikono imefungwa.

Nikangoja yangu. Ndiyo iliyokuwa inatakiwa dakika ile, hakuna nyingine. Ikasomwa ya mwalimu, ikasomwa ya wajukuu walioko chuoni, kisha msomaji akashukuru wote waliotuma salamu. Nikaita kwenye simu, niweke kwenye spika, niweke kwenye spika. Jirani yangu hakunisikia. Dua ilikuwa imeanza. Baada ya dua nikasikia mikeka inakung'utwa.

Binti yangu alipotazama, pale palipokuwa na maneno yangu palikuwa na mstari mmoja wa rangi ya majivu: maoni haya yameondolewa kwa kukiuka maadili, lugha ya matusi na ubaguzi wa kabila. Neno la bwana mkubwa lilikuwa palepale, limepewa mioyo na vikaragosi vya kucheka. La jirani wa mikorosho lilikuwepo, watu wamejibu amina, amina.

Nilikaa na hasira siku kadhaa. Nilipekua tovuti nzima na jicho la mtu anayetafuta ugomvi, na niliupata. Kwenye habari za mpira watoto walikuwa wanatukanana matusi ya nguoni, hayajaguswa. Kwenye habari ya mama mmoja aliyegombea uenyekiti wa kijiji na kushindwa, walimwandikia mambo ambayo mimi nikiyakumbuka najifunika uso. Yapo mpaka leo. Mimi wa ungo na chumvi ndiye niliyeondolewa.

Namba ya msimamizi wa tovuti binti yangu aliipata kwa mama wa huyo msimamizi, mwanamke ambaye nilimpokea mimi mwenyewe siku anazaliwa. Msimamizi mwenyewe ni baba wa watoto wawili, mhasibu, kazi ile ya tovuti anaifanya bure akitoka kazini. Aliniamkia vizuri. Nikamweleza, akanisikiliza, akasema kuna maneno mashine inayakamata yenyewe, mwizi ni mojawapo, na mtu akitaja kabila pamoja na neno baya inakuwa kosa mara mbili. Nikamuuliza, na huyu wa mikorosho?

"Bibi, yule hakutumia neno baya hata moja."

"Uliisoma lakini?"

"Niliisoma. Ni dua, Bibi."

"Na bwana mkubwa, si amesema Mnyamwezi, si amesema mananasi?"

Akasema yule ni mtu anayejulikana.

"Mimi sijulikani, baba?"

Kijana mwenye adabu, na alizaliwa Ilala, msiba wa watani hajauona. Kwao wanakodi maturubai na viti, wanakaa, wanakula, wanaondoka. Nilitaka kumweleza. Utajaribuje kumweleza mtu kwenye simu kwamba tusi hili lilikuwa sanda? Nikamwambia tu kwamba mimi na marehemu tulikuwa na ahadi. Akasema pole sana Bibi, hebu nione la kufanya.

Alichofanya ni kuirudisha salamu yangu. Alidhani ananitendea wema, na mimi nakiri kwamba ndicho nilichokuwa nimempigia. Nilipigania haki yangu nikasahau kutazama siku. Tanga lilikuwa limekwisha anuliwa. Watu wa mbali wamekwisha panda magari. Maneno yangu yakatokea juu kabisa ya salamu zote, kama ndiyo kwanza nimeyaandika asubuhi ile, na ile mwizi na ile Mnyamwezi zimefunikwa kwa nyota nyota, hata anayesoma akadhani chini ya nyota kuna matusi makubwa kuliko yaliyokuwepo. Kwenye tanga yalikuwa utani. Pale, siku ile, yalikuwa matusi kwelikweli. Nikiyasoma mwenyewe nilishtuka.

Wajukuu wa marehemu ndio waliotangulia kujibu. Wamekulia Mwanza na Dar, sina lawama nao. Huyu bibi hana haya, mtu hata kaburi halijakauka. Mwingine akaandika kwamba ndio maana walikuwa wanaambiwa Kibuta kuna wachawi. Mwingine akaniita mchawi waziwazi, kwa herufi kubwa, akaweka na kikaragosi. Niliwajua wote. Huyo wa herufi kubwa nilimbeba mgongoni wakati mama yake ana malaria.

Nikaandika kueleza. Niliandika kwa upole kabisa kwamba mimi ni mtani, kwamba hii ni desturi, kwamba ilichelewa si kwa kupenda kwangu. Haikutokea. Ulitokea ujumbe kwamba nimezuiwa kuandika kwa muda kwa sababu ya kubishana na watumiaji wengine. Yule wa mchawi hakuzuiwa, na neno lake halikuwa na nyota hata moja.

Nikampigia tena mhasibu wetu. Safari hii sikutaka haki yoyote, nilimwomba aiondoe. Nilimwomba kama anavyoombwa mtu mkubwa.

"Bibi, nimeshaipitisha. Nikiitoa tena wataniambia nayumba."

"Si ulishaitoa mara ya kwanza?"

"Ile ilikuwa mashine, Bibi. Hii nimeipitisha mimi."

Nikamtakia kazi njema, naye akanitakia nafuu ya mguu.

Binti wa marehemu alinipigia wiki ile ile. Yeye ni mtu mzima, ana duka Kisarawe mjini, mimi ananiita mama mdogo. Alisema ameelewa, nisijali, watoto wa siku hizi hawajui mambo. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa. Nilitaka anigombeze, au anitanie. Mama yake angeniambia hata kutukana siku hizi nachelewa kama mshahara. Yeye alinipa pole. Tulipokata simu nikabaki nimeishika, nikijua kwamba jambo hili limekuwa la kusameheana, wakati lilikuwa la kuchekana.

Arobaini ilipofika mguu ulikuwa umefunguliwa, natembea na gongo. Barabara ilikuwa imetengenezwa. Binti yangu akanipeleka. Kibuta nilikuta nyumba imepakwa chokaa, wasoma khitima wameshajaa ukumbini, jikoni sufuria ziko motoni. Zamani nikifika shughuli ya nyumba ile nilikuwa napita moja kwa moja jikoni, nafunua sufuria ya nyama na kuchukua kipande kabla hakijaiva, nikisema nahakikisha hawajapika paka. Siku ile nilipewa kiti. Kiti cha plastiki, kivulini, na soda, na kijimeza cha kuwekea soda. Wake wa wajukuu walikuja kunishika mkono wameinamisha macho. Walikuwa wameambiwa wanisamehe, nao ni watoto waliofundwa, walinisamehe.

Nilikunywa ile soda. Sikwenda jikoni.

Watu walipopungua binti wa marehemu akaja na mkeka, akaketi chini karibu na kiti changu, akaniomba nami nishuke kama nitaweza. Nilishuka, akanishika kiuno. Tukakaa. Akasema amekuwa akilisoma lile andiko mara nyingi, hizo nyota nyota zinamsumbua, hajui chini yake kulikuwa na nini. Kaka yake naye hajui. Siku ile ya kuanua tanga, alisema, baada ya lile neno la mikorosho, alikaa akiomba mtu yeyote aseme kitu. Kitu chochote. Alikuwa akikumbuka msiba wa mzee fulani wa ukoo wao, watani walivyolaza gunia la makapi kaburini, watu wakacheka na majembe mikononi.

"Uliandika nini, Mama mdogo? Niambie kama lilivyokuwa."

Ningeweza kukataa. Tanga lilikuwa limeanuliwa muda mrefu, na kimila sikutakiwa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mwenye hicho kicheko, na alikuwa amekuja kukidai mwenyewe, amekaa mkekani ananitazama mdomoni. Nikamwambia. Nilianza na mwizi wa mananasi, nikatia sauti kidogo, nikajaribu kunyanyua bega kama mama yake akitoka kuchuma kwangu.

Akauliza, mananasi yapi? Mstari ule uling'olewa yeye akiwa mdogo, hakuukumbuka. Nikamweleza ulipokuwa. Nikaendelea na ungo, akauliza kama kweli mama yake hakurudisha, kwa maana kuna ungo mmoja uko darini, ungeweza kuwa wangu. Nikasema hapana mwanangu, ungo hakuna, inasemwa tu. Akatikisa kichwa, akasema aa. Nikaja kwenye mchuzi. Nikaja kwenye mawe ya juu ya kaburi, na kutoka kuomba chumvi, na hapo nikaona midomo yake imeanza kulegea, ikakaribia, kisha macho yakaenda kwa wale wake wa wajukuu waliokuwa wakiosha vyombo, kama anataka kujua kama wanasikia. Nikashusha sauti. La sanduku la kanga nilimalizia kwa kunong'ona, na ili asidhani nazitaka kweli, nikamweleza kwamba mtani hudai hivyo kila msiba, ni desturi, hapewi.

"Ahsante," alisema. "Sasa nimeelewa."

Alikuwa amenisikiliza vizuri kabisa, neno kwa neno, na nilipomaliza hakuna aliyekuwa amecheka, si yeye wala mimi. Akanisaidia kunyanyuka, akanipa gongo langu, akanifungia nyama kwenye mfuko niende nayo Mkuza.